Sikio la Mtoto

Leo nitawaeleza kosa nililolitenda katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu husema "ndoo" pale wengine wasemapo "njoo". Nilipelekwa bara kufundisha darasa la watoto wadogo. Siku moja nikamwita mtoto mmoja, "Ndoo hapa!" Akatoka mbio, akarudi na ndoo ya maji, akaiweka miguuni pangu. Wenziwe wakacheka. Nikadhani ananifanyia mzaha, nikamchapa. Mtoto hakulia, alinitazama mimi, kisha akaitazama ile ndoo.

Mtu mzima asikiapo lafudhi ngeni hukisia na kulinganisha. Mtoto mdogo bado hana mizani hiyo. Mwaka 2009 ilichapishwa habari ya watoto wa Marekani waliosikilizishwa Kiingereza kwa lafudhi ya Jamaika. Wale wa miezi 15 hawakuonyesha dalili ya kuyatambua maneno waliyoyazoea kwao. Wa miezi 19 waliyatambua. Uwezo huo basi huja, lakini huja kwa wakati wake, nami naona ya kuwa mtoto ajifunzaye lugha isiyo ya mamaye hana budi kungojewa zaidi.

Tena kuna mkazo na kupanda kwa sauti. Neno "barabara" likikazwa katika "ba" ya pili ni njia kuu. Likikazwa katika "ra" ya kwanza maana yake ni sawasawa. Na "umekula", je, ni habari au ni swali? Kitabuni iko alama. Kinywani hakuna ila sauti. Kijana mmoja wa chuo chetu cha ualimu aliwasomea watoto kwa sauti moja tangu mwanzo hata mwisho, kama mtu ahesabuye magunia. Akamaliza, "Mmefahamu," kwa sauti ile ile. Kimya. Akaniambia, "Mwalimu, watoto hawa ni wazito." Nikamwambia arudie, aipandishe sauti karibu na mwisho. Wengi wakaitika, na mmoja wa nyuma akasema hapana, akaeleza lililomshinda.

Na yule wa ndoo? Mwalimu mwenzangu alinifahamisha kosa langu jioni ile. Kesho yake nikamwita mtoto mbele ya wenziwe, "Njoo," nikajitahidi sana kuitamka kama wao, nikamwomba radhi. Alikuja, lakini alikuja pole pole, akiutazama mkono wangu.