Gitaa la Chuma: Maneno Machache Kabla ya Kupiga Kura

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi wa klabu ya muziki, siku ya mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma tulikozoea kukaa sisi,

Nimeombwa niseme juu ya gitaa hili lililo mezani kabla hamjaamua kama fedha za mchango wetu zilinunue au la. Mwenye nalo ni mwenzetu, amelileta kutoka Marekani. Limetumika, na ndani yake mna kinasa sauti cha kuunganishia amplifaya. Nimesikia mtu akiuliza kama ni gitaa au sufuria. Ni gitaa, tena lenye historia.

Magitaa ya namna hii yalizaliwa Los Angeles. Katika miaka ya 1920 mpiga gitaa aliyeketi kati ya tarumbeta na ngoma alikuwa hasikiki, na gitaa la umeme lilikuwa bado halijaingia sokoni. Mwanamuziki George Beauchamp alimwendea fundi John Dopyera, mhamiaji wa Kislovakia, amtengenezee gitaa lenye sauti kubwa. Dopyera akaweka koni tatu za aluminiamu nyembamba ndani ya mwili wa chuma, na kufikia 1927 magitaa hayo yalikuwa yakiuzwa kwa jina la National. Baadaye likaja la koni moja, la bei nafuu zaidi, wakalipenda wapiga bluzi wa Mississippi kama Son House na Bukka White. Wenye santuri ya Dire Straits ya 1985, Brothers in Arms, wanalo nyumbani kwenye jalada.

La kuchekesha ni kwamba Beauchamp huyo huyo, pamoja na Adolph Rickenbacker, ndiye aliyeleta gitaa la umeme sokoni mwaka 1932, na haja ya koni ikapungua.

Hili letu ni la koni moja. Nyuzi zinakalia kipande kidogo cha mbao, mbao inakalia ncha ya koni, na koni inatikisika kama ile ya spika. Mwili wa chuma unaipa sauti ule ukali wake, lakini kazi kubwa ni ya koni. Basi anayenunua gitaa kuukuu la aina hii asivutiwe na kung'aa. Afungue kile kifuniko chenye matundu aitazame koni. Ikiwa imebonyea, sauti hufifia au hukwaruza. Na vijana, msilegeze nyuzi zote kwa mchezo: mkazo wa nyuzi ndio unaoishikilia koni mahali pake.

Kuhusu kinasa sauti, naona wengi ndicho kilichowavutia. Hiki ni cha sumaku, kimewekwa karibu na shingo. Sumaku husikia waya wa chuma unavyotikisika. Koni haiisikii sana. Kwa hiyo kwenye amplifaya gitaa hili hufanana mno na gitaa lolote la umeme. Kwa maoni yangu tusiongeze hata shilingi moja kwa ajili yake. Tena, kwa chombo cha chuma kitupu, amplifaya isiyo na waya wa ardhini ni hatari. Mpigaji anaweza kurushwa na umeme.

Lakini bweni letu mnalijua, na umeme wake mnaujua. Usiku unapokatika, gitaa hili litasikika ukumbi mzima bila kuchomekwa popote. Kwa sababu hiyo naunga mkono linunuliwe.

Nimelijaribu asubuhi. Shingo imenyooka. Uzi wa tatu unakwaruza kidogo, na sijui kama ni koni au ni skrubu iliyolegea, maana sikutaka kulifungua bila mwenyewe kuwapo. Sasa yupo, na bisibisi ninayo. Naomba, Ndugu Mwenyekiti, tulifungue hapa hapa mbele ya wote, kisha ndipo kura ipigwe.