Maji ya Bafu Katika Mashua ya Matanga
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)



Sisi wa reli tumezoea maji yanayojiendea. Katika mabehewa ya zamani maji ya beseni yalishuka kwa bomba yakamwagika njiani, kazi ikaisha. Lakini wengine wetu huitwa Mtwapa na Kilifi kutengeneza mashua za matanga za wasafiri, na huko mambo ni mengine. Sakafu ya bafu mara nyingi i chini kuliko uso wa bahari. Maji hayana pa kushukia, sharti yapandishwe.

Tajiri atasema, "Toboa sakafu tu, maji yaende banduruni." Ni rahisi, lakini tusikubali. Sabuni na nywele zikishikana huziba bomba la banduru, na bomba hilo ndilo tegemeo siku mashua inapovuja. Na harufu yake, ndugu zangu, hailaliki.

Basi maji ya bafu yapewe njia yao wenyewe. Chini ya sakafu tunaweka sanduku dogo la plastiki, lenye kifuniko kinachofunguka upesi, na chujio ndani yake. Bomba ni la umeme wa betri, volti 12, na waya wake uwe na fyuzi. Sisi twapenda lile la mpira unaopanda na kushuka kuliko lenye panga za kuzunguka, kwa maana likienda kavu kidogo haliharibiki upesi, tena laweza kufungwa mbali na sanduku, mahali pakavu. Swichi ya boya hujiwasha yenyewe, lakini sabuni huigandisha, na bomba likikesha likizunguka, asubuhi betri imekufa. Swichi ya mkono ukutani yatosha: anayeoga aiwashe.

Sasa hatari. Tundu la kutolea maji hukaa ubavuni, juu ya mstari wa maji, na mtu huona ni salama. Lakini upepo ukishika tanga mashua hulala upande, tundu likazama. Bomba likisimama wakati huo na mpira umejaa, bahari yaweza kujivuta kuingia ndani. Tundu la inchi 1 lililozama futi 2 huingiza zaidi ya madebe matatu kwa dakika, na mwenyewe yumo usingizini.

Kwa hiyo mpira upandishwe kwanza hadi karibu na sitaha, upindwe kama shingo ya bata, ndipo ushuke tunduni. Na pale kileleni pawe na valvu ndogo ya kuingiza hewa, ikate mvuto. Valvu ya kuzuia maji kurudi twaitia pia, lakini tusiitegemee, maana unywele mmoja waweza kuiacha wazi. Ubavuni pawe na koki ya kufunga kwa mkono. Mpira uwe laini ndani, na kila ncha ishikwe kwa vibanio viwili vya chuma kisichoshika kutu. Bei ya vitu hivi iandikwe katika hesabu tangu siku ya kwanza, tajiri asije akasema tumemwongezea.

Kazi ikiisha tumwage ndoo mbili bafuni, tuwashe bomba, tupapase kila kiungo kwa mkono mkavu. Kisha tajiri aitwe aonyeshwe koki na chujio, alifungue chujio mwenyewe mbele yetu, kwa kuwa huko baharini hakuna mwingine wa kulisafisha.