Kabla ya Kuhifadhi, Ulizia Mlango wa Kutokea

Leo tunazungumzia programu za kuandikia kumbukumbu kwenye simu na kompyuta, zile tunamoweka madeni ya dukani, maazimio ya kikao cha kikundi na orodha ya kazi za wiki. Malalamiko ni mengi: inafunguka kwa kujivuta, inadai nywila kila mara, vitufe vinahamishwa bila taarifa. Hayo yanaudhi, ila yanavumilika. Kero yenyewe huja siku unapotaka kuhama.

Chukua Evernote. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008, na wengi wakajaza humo maandishi ya miaka bila kulipa. Mwaka 2016, wasiolipa walizuiwa kutumia zaidi ya vifaa 2. Mwishoni mwa 2023, ikiwa tayari mikononi mwa kampuni ya Italia, Bending Spoons, kikomo kikawa kumbukumbu 50 na daftari 1. Aliyezidisha hakunyang'anywa za zamani, lakini hakuweza kuongeza mpya bila kulipa au kufuta. Wunderlist nayo, programu ya orodha za kazi iliyoundwa Berlin, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015, ikafungwa Mei 2020.

Kwa nini? Kutunza maandishi yako kwenye seva kuna gharama, na cha bure kina anayekilipia. Akichoka, au akija mmiliki mwingine, masharti hubadilika.

Basi fanya majaribio mawili. Kwanza, zima data, kisha fungua programu. Maandishi yasipoonekana, ujue hayakai kwenye simu yako. Pili, ingia kwenye mipangilio utafute namna ya kutoa nakala. Kwa Google Keep, kazi hiyo hufanywa kupitia Google Takeout. Toa nakala, uifungue kwa programu nyingine kabisa. Ikisomeka, una pa kutokea.

Zipo programu kama Obsidian, zinazohifadhi kila andiko kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya kifaa chako. Lakini tahadhari: faili likikaa kwenye simu tu, simu ikiibiwa, nalo limekwenda. Kwa hiyo, utumie programu yoyote ile, kila mwisho wa mwezi hamishia nakala kwenye flashi au kompyuta.

Na ukikuta programu isiyokuruhusu kutoa nakala, usiiwekee hesabu za kikundi, hata iwe nzuri vipi.