Mvua Isiyo na Majira na Mwili wa Miaka Hamsini

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Wenje)

  

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo hatulihesabu kuwa ni la maendeleo, nalo ni malalamiko yetu. Wakikutana watu wawili wa rika langu, yaani waliopita miaka arobaini na mitano hivi, salamu zikiisha tu yanaanza. "Ndugu yangu, jua hili si la kawaida." "Hata mimi, tangu jana kichwa kinanigonga." "Mvua imekuja mwezi usio wake, na goti langu lilijua kabla ya redio." "Shemeji, usiku silali, naamka mara nne kwenda haja ndogo. Ni huu ubaridi wa mto." Kila mmoja anaongeza lake, tunacheka, tunaagana. Kesho tena.

Siyalaumu mazungumzo hayo. Mtu akimweleza mwenzake maumivu yake, mzigo hupungua. Lakini nina swali. Katika hayo yote tunayoitupia hali ya hewa, ni yapi ya hewa kweli, yapi ni ya umri, na yapi ni ya ugonjwa? Tusipoyatenganisha, tutamzika mwenzetu huku tukisema ni jua, kumbe alikuwa na ugonjwa ambao ungepimwa kwa dakika chache.

HEWA IMETUSUMBUA KWELI

Tusidanganyane, sababu ya kulalamika tunayo. Kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Ndugu zetu wafugaji walipoteza ng'ombe, na sisi wa mashamba tulivuna majani makavu. Halafu Novemba 2023 mafuriko yakaja, na tena Aprili na Mei 2024. Wazee walikumbuka mafuriko ya 1961, na sisi wengine tukakumbuka El Nino ya 1997. Hata mvua ndogo ikija wakati mbaya ni hasara. Ikinyesha miembe inapochanua, maua huwa meusi na kuanguka, na mwaka huo gunia la maembe unaliona kwa jirani tu.

Na mwili nao unaisikia hewa. Joto la kaskazi, Januari hadi Machi, linakausha maji mwilini. Kadiri umri unavyosonga, mwili huchelewa kusikia kiu. Kijana analia kiu saa nne asubuhi, wewe wa miaka hamsini unalima mpaka saa saba bila kukumbuka maji, halafu kichwa kinauma na kizunguzungu kinakuja. Dawa yake ni maji na kivuli. Angalia mkojo wako: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, hujanywa maji ya kutosha. Kazi nzito ifanyeni alfajiri na jioni.

Na yale magoti yanayotabiri mvua? Watu wengi huyacheka. Lakini mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu ya muda mrefu waliandika kila siku jinsi wanavyojisikia, na maandishi hayo yakalinganishwa na hali ya hewa ya pale walipokuwa. Walikuta kwamba siku za unyevunyevu na upepo mkali maumivu yaliongezeka, lakini kwa kiasi kidogo tu. Basi wazee wetu hawakusema uongo. Hata hivyo hewa haikuliharibu goti. Goti limechakaa kwa miaka na mizigo, na hewa inalikumbusha tu.

MTO HUJAA BILA WINGU

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari.

Sisi watu wa Tana tunajua jambo ambalo watu wa mbali hawalijui. Mto wetu unaweza kujaa na hapa Wenje hakuna hata wingu. Mvua imenyesha Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mabwawa ya juu kama Masinga na Kiambere yamejaa na kumwaga, na baada ya siku kadhaa maji yako kwetu. Anayengoja kuona wingu ndipo ahame, ataamka mkeka unaelea. Ndiyo maana mtu mwenye akili huchomeka kijiti ukingoni jioni, na asubuhi anakwenda kutazama maji yamefika wapi. Haangalii mbinguni, anaangalia kijiti.

Presha ni hivyo hivyo. Inapanda bila wingu. Watu wengi wenye presha hawaumwi kichwa, hawachoki, wanalima na kucheza ngoma kama kawaida. Kwa hiyo anayesema "mimi sina presha, najisikia mzima," huyo anatazama wingu. Kijiti cha presha ni kile kitambaa kinachofungwa mkononi na kujazwa upepo. Hakuna kingine.

Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Na zaidi ya nusu ya watu waliohojiwa hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Hebu tazameni jirani zenu kwenye mabenchi mhesabu wanne wanne. Mmeelewa?

Namba ni hizi. Kila kipimo kina namba mbili. Ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, na ikarudi hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kushughulikiwa. Kabla ya kupimwa, keti utulie kama dakika tano. Usipimwe ukiwa umetoka tu kupanda baiskeli au kugombana na mkeo.

YANAYOFANANA LAKINI SI MAMOJA

Turudi kwa yule shemeji anayeamka mara nne usiku na kulaumu ubaridi. Inaweza kuwa ni chai aliyokunywa saa tatu usiku. Kwa mwanamume aliyepita miaka hamsini, inaweza kuwa tezi dume limeanza kukua na mkojo hautoki wote. Na kwa mwanamume au mwanamke, inaweza kuwa sukari. Sukari ikizidi kwenye damu, mtu hukojoa sana, husikia kiu isiyoisha, hukonda ingawa anakula, na kidonda kidogo cha mguu hakiponi. Hayo yote jua la Wenje haliyaleti. Kapimwe.

Akina mama, na nyinyi lenu lipo. Kati ya miaka arobaini na mitano na hamsini na mitano, hedhi inapokaribia kukoma na hata baada ya kukoma, joto hupanda ghafla kifuani na usoni, jasho likakutoka usiku wakati wengine wanajifunika shuka. Wengi husema ni hewa mbaya ya nyumba ya mabati. Hapana, ni mabadiliko ya mwili, si laana wala si ugonjwa. Lakini lisemeni. Na waume, mkeo akitupa shuka usiku, usinung'unike. Mfungulie dirisha lenye chandarua.

Macho pia. Waweka hazina wengi wa vikundi vyetu wamepita arobaini. Nawaona wanavyoshika kitabu cha akaunti mbali, mkono umenyooka kabisa, kisha wanasema leo kuna mawingu, mwanga hautoshi. Mawingu hayana kosa. Jicho la mtu aliyepita arobaini huanza kushindwa kuona karibu, na miwani ya kusomea inatatua. Kikundi kikinunua miwani hiyo, tarakimu 3 haitageuka 8.

UPEPO MBAYA

Kuna lawama moja inayoua. Mtu anaanguka shambani, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayaeleweki. Watu wanasema, "Amepitiwa na upepo mbaya." Anawekwa ndani, anachuliwa mafuta, siku tatu zinapita.

Jamani, hicho ni kiharusi. Mara nyingi ni mshipa wa ubongo ulioziba au kupasuka, na sababu kubwa ya jambo hilo ni presha isiyotibiwa. Mkiona uso umepinda, mkono umelegea, au maneno yamevurugika, tafuteni pikipiki au gari saa ile ile, apelekwe hospitali ya Hola. Msimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa. Maombi na mafuta yatakuwa njiani, si badala ya njia.

VIDONGE VYA DUKANI

Goti likiuma siku ya mvua, wengi wetu hukimbilia dukani kununua vidonge vya maumivu. Vile vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni vikitumiwa kila siku huchoma tumbo, huharibu figo, na hupandisha presha. Yaani unatuliza goti huku unafungulia mto. Mwenye presha asivimeze bila kumwuliza mhudumu wa afya.

Goti lina matibabu mengine ya bure. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ushike hapo uhesabu mpaka tano, shusha. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Paja likipata nguvu, goti hupumzika. Mwenye mwili mzito apunguze kidogo kidogo. Na fimbo ya kutembelea si aibu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mtasema, haya tumesikia, sasa sisi na pesa zetu za mzunguko tufanye nini? Nashauri mambo matano.

1. Pimaneni. Septemba 2023 serikali ilianza kugawa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya wa jamii, na ndani yake mna kipima presha na kipima sukari. Mwalikeni mhudumu wa kijiji chenu kwenye mkutano mara moja kila miezi mitatu. Kama kifaa chake kimeharibika au hana vya kupimia sukari, teueni mtu wa kulifuatilia zahanati mpaka jibu lipatikane. Kila mwanachama aandikiwe namba zake kwenye daftari lake mwenyewe. Ni siri yake, si ya kusomwa mbele ya watu.

2. Punguzeni chumvi na sukari. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula vya kununua. Chai ya mkutano ipikwe bila sukari, kila mmoja ajiwekee yake, mtashangaa itakavyobaki.

3. Mwenye dawa asiziache. Wengine humeza mwezi mmoja, presha ikishuka wanasema wamepona. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Kama dawa inaleta kizunguzungu wakati wa joto, rudi ukaelezee daktari abadilishe, usijibadilishie.

4. Jitayarisheni kwa mafuriko. Maji yakikata barabara, dawa hazifiki. Msimu wa mvua ukikaribia, ombeni dawa za kutosha mwezi mmoja au zaidi. Zifungeni kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho, na karatasi iliyoandikwa jina la dawa na kiasi. Mfuko huo uwe wa kwanza kubebwa, kabla ya kuku. Anayetumia sindano za insulini amwulize muuguzi jinsi ya kuzihifadhi kwa ubaridi wa chungu cha udongo, maana joto letu huziharibu.

5. Jiandikisheni SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wasaidieni wazee wasio na simu waandikishwe.

MWISHO

Sijaja kuwakataza kulalamika. Kaeni chini ya mwembe mlalamike mpaka jioni, ni haki yenu. Ila mwenzako akisema kichwa kinamgonga kwa ajili ya jua, mwulize: "Umekunywa maji? Na mara ya mwisho ulipimwa presha lini?" Akisema hajui, msindikize. Mvua hatuwezi kuiamuru ije lini. Namba zetu tunaweza kuzijua.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

– Katika kikundi chetu ni wangapi waliopita miaka arobaini, na wangapi kati yao wamepimwa presha mwaka huu?
– Mtu akipata kiharusi usiku kijijini kwetu, tutamfikishaje hospitali? Nani ana chombo, nani atapigiwa simu, mafuta yatalipwa na nani? Na kama mto umejaa?
– Nani kati yetu anatumia dawa za kila siku, na mafuriko yakija atakaa wapi?

Sasa nyinyi vijana wa nyuma, mmoja wenu atuletee maji ya kunywa, maana jua hili, ndugu zangu, leo si la kawaida.