Nani Anasoma Mizani? Hisabati katika Maisha ya Mtu wa Kisesa

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wa hisabati na wazazi, Kisesa, Wilaya ya Magu



Nimeombwa nizungumzie faida ya hisabati katika maisha ya kila siku. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba hisabati humsaidia fundi seremala, mpishi, dereva na mhasibu. Ni kweli, lakini mtoto asiyetaka kuwa fundi wala mhasibu anabaki akijiuliza yeye inamhusu nini. Leo nitashika jambo moja tu. Anayejua hesabu anaweza kuhakiki mwenyewe kile anachoambiwa. Asiyejua hana budi kuamini. Nasi watu wa kanda hii tumelipa gharama kubwa kwa kuamini.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka pamba ya zamani. Kwa miaka mingi wakulima wa Usukumani walilalamika kwamba wanunuzi huwapunja kwenye mizani. Mtu alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo kichwani hadi kituoni, kisha karani akatamka kilo anazotaka yeye. Manung'uniko hayo ndiyo yaliyozaa ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani alizunguka vijijini akiwahamasisha wakulima waungane, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Mwaka 1966 iliundwa tume ya Rais kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa sababu sasa wakulima walikuwa wanavilalamikia vyama vyao wenyewe, na mwaka uliofuata muungano ule uliwekwa chini ya usimamizi wa serikali. Mizani ilikuwa imehamia mikononi mwa ndugu zetu, lakini wengi wa wakulima walikuwa bado hawawezi kuisoma wala kukokotoa malipo yaliyoandikwa kwenye stakabadhi. Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa la hisabati katika historia ya Kanda ya Ziwa. Kumiliki mizani hakutoshi kama mwenye mzigo hajui inasema nini.

Leo tunayo lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria ya vipimo imeweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, lakini kila mmoja wetu ameona magunia yaliyoshonewa kilemba juu. Tuseme gunia moja limebeba kilo 130 na mkulima analipwa bei ya kilo 100. Akiuza magunia kumi, ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu kamili. Hii ni kuzidisha na kutoa, hesabu za darasa la nne. Nimewahi kuifanya na wanafunzi wangu ubaoni, na wiki iliyofuata mzazi mmoja akaja shuleni kuniuliza kama ni kweli. Mwanawe alikuwa ameirudia nyumbani wakati wa chakula, na baba hakulala vizuri.

Upande wa mikopo hali ni mbaya zaidi, maana hapo hesabu imefichwa. Mikopo ya marejesho ya kila siku wananchi wameipa jina lake: kausha damu. Chukua mfano. Mama anakopa shilingi 100,000, anakatwa 10,000 ya fomu, anaondoka na 90,000. Anarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla anarudisha 130,000. Amelipa 40,000 zaidi ya alichopokea, karibu asilimia 44. Wengi huishia hapo. Lakini tuendelee mbele kidogo. Kwa kuwa anarejesha kila siku, pesa hiyo hakai nayo yote kwa siku 26; kwa wastani anabaki na nusu yake, yaani kama 45,000. Riba ya 40,000 juu ya 45,000 ni karibu asilimia 89, na mwezi haujaisha! Walimu, wastani na asilimia vimo kwenye mitaala yetu. Kwa nini tunavifundisha kwa mifano ya maembe na machungwa tu?

Kuhakiki kwa hesabu hakuishii kwenye pesa. Hapo jirani Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, kuna nyumba za msonge. Aliyejenga msonge alichomeka kigingi, akafunga kamba, akazunguka. Mpeleke mwanafunzi pale, mwambie arefushe kamba iwe mara mbili, azungushe tena, kisha apime eneo la sakafu. Atakuta imekuwa mara nne, na hatasahau tena eneo la duara.

Kisesa yetu inajulikana duniani pia kwa sababu ya kuhesabu. Tangu mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, wamekuwa wakipita kaya kwa kaya katika kata hii kuandikisha waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Wengi wetu tumefunguliwa daftari lao sebuleni kwetu. Ni kwa takwimu hizo ilijulikana UKIMWI unaua watu wazima kwa kiasi gani, na vifo vilipungua namna gani baada ya dawa za kufubaza virusi kufika.

Nimeacha jambo zito mwishoni. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kuelekea Ukara, kikapinduka karibu na gati. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki ni 228, waliookolewa 41. Jumlisheni: watu 269 ndani ya chombo cha watu 101. Kuhesabu hadi 101 ni kazi ya mtoto wa darasa la pili. Wenye dhamana ya kuhesabu walipaswa kuhesabu, na hakuna abiria ninayemlaumu. Lakini nataka mtoto ninayemfundisha, anapofika gatini na mama yake, asome idadi iliyoandikwa, atazame msongamano, na awe na ujasiri wa kusema, "Mama, tusubiri kingine." Ujasiri huo hauji kwa kukariri kanuni za mtihani.

Hisabati imekuwa kwa miaka mingi somo lenye ufaulu duni katika mtihani wa kidato cha nne, na sababu ni nyingi: uhaba wa walimu, madarasa yaliyojaa, na mtoto aliyejifunza riba na asilimia kwa Kiswahili kulazimika kuanza upya kwa Kiingereza. Hayo hatutayamaliza leo. Lakini lipo moja lililo ndani ya uwezo wetu, na ndilo ombi langu kwa kamati za shule zilizopo hapa. Kila shule ya Kisesa inunue mizani moja, iwekwe darasani, na mzazi yeyote mwenye mzigo wa kuuza aruhusiwe kuja kuupima kabla hajaenda sokoni, wanafunzi wakiandika kilo na kukokotoa bei mbele yake.