Leteni kifuko chote cha dawa

Maneno tuliyoyatoa mbele ya wanamemba, Kasongo

Sisi ni wale mnaotuona vijijini na matope kwenye suruali na buku ya kuandikia mkononi. Leo hatukuja kuhesabu majembe wala mbegu. Tunakuja kuongea juu ya mama mmoja wa kwetu. Ametupa ruhusa tuongee, ila jina lake tuliache.

Huyu mama alirudi Kabambare kutoka kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania. Wengi humu ndani mnaijua ile kambi, iko pale tangu 1996. Aliporudi, kikundi chake kilimchagua atunze sanduku la akiba. Kidogo kidogo uso wake ukaanza kuvimba, ukawa wa mviringo. Tumbo likatoka, nyuma ya shingo pakaota nundu, lakini mikono na miguu ikakonda. Watu hawakuangalia miguu. Waliangalia mashavu tu. Kwenye kisima wakasema: "Muangalie ule mama, njo eko anakula feza ya sanduku."

Na sisi tuseme ukweli mbele yenu. Tuliyasikia yale maneno, tukaenda kuhesabu sanduku. Hesabu ilikuwa sawa mpaka franga ya mwisho. Lakini tulihesabu feza kabla ya kumuuliza mama kama analala usiku. Tulimuomba radhi siku ile, na leo tunamuomba tena.

Hakuwa analala. Presha ilikuwa juu, sukari ilianza kupanda, na kupanda mlima na ndoo ya maji kulimshinda. Familia ikasema amelogwa. Wengine wakasema ni huzuni ya vita imemvimba mwilini. Mfuko wetu wa mshikamano ukamlipia safari ya mjini, wakapima damu, na karatasi ikarudi: kortisoli iko juu. Kwa sababu gani? Hakuna aliyemueleza. Miezi mingi alitembea na ile karatasi imefungwa kwenye pindo la kitenge, anaionyesha kila muganga anayepita.

Kortisoli ni kitu gani? Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizo mbili zinatengeneza kortisoli, na bila hiyo mtu hawezi kuishi. Asubuhi inapanda, inatuamsha. Usiku wa manane inashuka. Ukipata hatari, inapanda ili mwili upate sukari na nguvu ya kukimbia. Lakini ikibaki juu muda mrefu, mwili unabadilika vile mama alivyobadilika. Mwaka 1932 daktari Mmarekani, Harvey Cushing, aliandika juu ya wagonjwa 12 wa namna hiyo, na ugonjwa ukabeba jina lake.

Sasa sikieni vizuri: namba moja kwenye karatasi si jibu. Kortisoli ya damu inaweza kupanda kwa mimba, kwa vidonge fulani vya uzazi wa mpango, kwa pombe nyingi, kwa ugonjwa mkali, kwa kukosa usingizi, kwa huzuni nzito. Ndiyo maana waganga wanaojua kazi hii wanarudia kipimo: mate ya usiku, mkojo wa saa 24, au kinini cha dexamethasone usiku na damu asubuhi yake. Uvimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, au kwenye tezi za juu ya figo, unaweza kuwa chanzo. Lakini mara nyingi zaidi ni dawa ambazo mtu mwenyewe anameza au anapaka. Hayo ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Na muganga wa kituo cha afya, kijana mmoja asiye na mashine yoyote ya maana, ndiye aliyeuliza. Alisema: "Mama, kesho ulete kifuko chote. Kila kitu unachomeza, kila kitu unachopaka." Mama akaleta. Chini kabisa kulikuwa na vinini vidogo vyeupe, "dawa ya mgongo", alivyokuwa ananunua sokoni karibu na machimbo tangu msimu wake wa kwanza wa kulima. Kwenye kipande cha karatasi yake jina lilisomeka: prednisolone. Hiyo ni ndugu ya kortisoli. Zinafanana mpaka vipimo vingi vya maabara vinazichanganya, na karatasi inaandika kortisoli iko juu. Mama hakuficha kitu. Kwake ile haikuwa dawa ya ugonjwa, ilikuwa dawa ya jembe. Na hakuna aliyemuuliza, hata sisi.

Wengine wanameza dexamethasone ili wanenepe. Kule Kinshasa watafiti wameandika juu ya wanawake wanaoimeza pamoja na cyproheptadine kwa ajili hiyo. Hapo uso unavimba vilevile, lakini karatasi inaweza kusema kortisoli iko chini. Pomadi za kung'arisha ngozi nazo, zile zenye clobetasol, zinaingia mwilini kupitia ngozi.

Basi mama aliposikia hivyo, alikasirika, akavitupa vyote mtoni siku ileile. Baada ya siku chache akaanza kutapika, akaanguka, akabebwa kwa tipoyi mpaka kituoni. Kumbe tezi zake zilikuwa zimelala. Dawa ilipowafanyia kazi wale wafanyakazi wawili kwa muda mrefu, wao waliacha kazi. Na dawa ilipoondoka ghafula, hapakuwa na mtu kazini. Ilibidi arudishiwe ileile dawa, halafu ipunguzwe polepole, miezi na miezi, chini ya macho ya muganga. Leo uso umerudi. Sanduku bado liko kwake.

Tusimalize hapo, itakuwa uongo. Tuko na baba mmoja wa Kasongo, naye karatasi yake inasema kortisoli iko juu. Tumemwaga kifuko chake mara mbili, hamna kitu. Vipimo vinavyobaki viko mbali, na mfuko bado haujatosha. Hatujui ana nini. Tunachoweza sasa ni kupima presha na sukari yake kila mwezi, kuandika, na kukaa naye. Ametuambia: "Kutojua ni kuzito, lakini kutojua peke yangu kulikuwa kuzito zaidi."

Na wale mnaosema ni vita tu: mateso tuliyoyaona ni ya kweli hata kama karatasi haisemi kitu. Watafiti wamekuta kwamba baadhi ya watu wenye majeraha ya moyo kortisoli yao iko chini, si juu. Kortisoli haipimi machozi ya mtu. Tusingoje namba ndipo tumuamini anayelia usiku.

Wazee mnakumbuka Mradi wa Kasongo, uliofanywa na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, kuanzia miaka ya 1970. Wazo lake kubwa lilikuwa kituo cha afya kilicho karibu na watu, na hospitali nyuma yake kwa yale yanayokishinda. Kwa huyu mama, kituo kingeanza na swali moja, tungeokoa safari nzima.

Tunawaomba mambo matatu. Ukienda kituoni, beba kifuko chote, usione haya. Ukiwa umemeza hivi vinini wiki nyingi, usiviache peke yako. Nenda kwa muganga kwanza. Na ukimuona mwenzako mashavu yamejaa, usihesabu sanduku. Muulize: "Unalalaje?"

Wafadhili wetu, tunawaomba mtusaidie tumfikishe yule baba kwenye kipimo.