Mtoto Asiyetulia

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

 

Ndugu zangu Waislamu, wapo miongoni mwetu watu wenye akili nzima na imani nzima, lakini fikra zao hazitui mahali pamoja. Mtoto hutumwa chumvi dukani, akaonekana jioni uwanjani. Mtu mzima husimama katika swala asijue amefika rakaa ya ngapi; huahidi akasahau, huanza kazi kumi asimalize moja. Matabibu huiita hali hii upungufu wa umakini. Daktari George Still aliwaeleza watoto wa namna hii katika mihadhara yake mjini London mwaka 1902. Hukisiwa kuwapata watoto 5 hivi katika kila 100, na aghalabu huandama ukoo. Wengi hukua nayo hadi utu uzima. Si kila mtundu anayo: tabibu hutazama kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinamdhuru nyumbani na shuleni pia. Wasichana husahaulika, kwa kuwa wengi wao hawarukiruki. Hukaa kimya fikra zikiwa mbali.

Nasi twamfanyaje mtu huyu? Chuoni hupigwa bakora mpaka akauchukia msahafu. Nyumbani huitwa kichwa maji. Wazazi wakishachoka humpeleka kwa mganga, akavishwa hirizi, na hapo tumeongeza shirki juu ya maradhi! Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa.

Imamu Muslim amepokea kisa cha Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) tangu utotoni. Siku moja alitumwa haja. Njiani akawapitia watoto wanaocheza sokoni, akabaki pale. Mara akahisi ameshikwa kisogo kwa nyuma, akageuka, akamwona Mtume (S.A.W.) anacheka, akimwita kwa jina la kudekeza na kumuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kwamba ndiyo anakwenda. Sisemi kwamba Anas alikuwa na hali hii. Watoto wote husahau. Nasema tutazame mkono ule ulivyomshika. Mtoto alikumbushwa kwa kuguswa na kwa kuulizwa, tena palepale, wala hakungojewa nyumbani kwa fimbo. Walimu wanaowafunza watoto wa aina hii leo husisitiza hayohayo: maneno machache, kwa ukaribu, kwa wakati wake.

Na anayesahau katika swala asikate tamaa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipata kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne, Dhul-Yadayn akamkumbusha, akatimiza, akasujudu sijda ya kusahau. Tena aliwahi kuswali na vazi lenye nakshi, likamshughulisha, akaamuru lirudishwe kwa Abu Jahm. Na sisi leo tunazitundika saa za umeme zinazomulika mbele ya maamuma! Mwenye shida hii na aswali karibu na ukuta mtupu, simu yake aiache mbali.

Katika mambo ya dunia, aandike anayoyaahidi palepale, na kazi zake azifunge na swala tano: hili baada ya Alfajiri, lile baada ya Adhuhuri. Anayehifadhi Qur'an apewe aya mbili tatu, akazisoma kwa kutembea ikiwa kukaa kwamshinda. Maalim amketishe mbele, mbali na dirisha.

Ipo pia dawa, methilifenideti, itolewayo kwa cheti cha daktari. Huwasaidia wengi, ingawa huweza kupunguza hamu ya kula na usingizi. Ramadhani ikikaribia, anayeitumia amwone daktari wake mapema, kwani ziko aina zinazodumu saa nyingi ambazo humezwa mara moja asubuhi, na huenda akaruhusiwa kuimeza wakati wa daku. Asiiache kwa shauri la jirani. Ikiwa daktari mwaminifu ameona kufunga kutamdhuru, mgonjwa ana ruhusa yake katika sharia, naye amuulize mwanachuoni namna ya kulipa.